Zawadi ya Mtoto wa Kike

Inspekta Kataliko aliweka chupa juu ya meza, akavuta kiti, akamtazama mwanamke aliyeletwa kutoka kasho, chumba cha mahabusu, asubuhi ile.

"Mama Asumini, unaijua hii?"

"Ni chupa."

"Ya nani?"

"Ya mwenye alikunywa bia yake."

Askari wa mlangoni akacheka, akauona uso wa Inspekta, akanyamaza.

Asumini alikuwa mtu wa mtaa wa Majengo, mjini Goma, mama aliyevuka makamo; watu wa kwao walitoka Maniema na biashara zamani za Wabeleji. Alizalisha wanawake na kupika dawa za mizizi. Sasa mashtaka yalisema amewafunga kizazi wake za watu watatu: Donatille, Perpétue na Lucie. Mlalamikaji alikuwa muzee Habarurema, mfanyabiashara wa ng'ombe, baba wa kijana aitwaye Zéphirin. Kijana huyo alimwoa Donatille mwaka wa themanini. Tulikuwa sasa themanini na tano, na nyumba haijasikia kilio cha mtoto. Chupa aliiokota muzee mwenyewe chini ya kitanda cha mkwe wake, imefungwa katika jani la mgomba.

Habari ilitembea mbio kuliko askari. Kabla ya jua kuzama, watu walikuwa wameizunguka nyumba ya Asumini na petroli mkononi. Kataliko alimfunga kasho kwa sababu mbili: moja, alikuwa na shaka naye, pili, kasho ilikuwa na ukuta wa mawe. Lakini Prokirere, mwendesha mashtaka wa serikali, alikuwa ameshatoa neno. Ijumaa saa sita mchana mama huyu apelekwe gereza kubwa. Na kila mtu mjini alijua kwamba mwanamke wa umri ule, akiingia kule na jina la mulozi, la mchawi, hatarudi na miguu yake.

"Jana uliniambia haumujui Perpétue," Kataliko alisema. "Leo najua alikuwa kwako mbele ya Pasaka. Umenidanganya."

"Nimekudanganya, ndiyo. Ulitaka niseme nini? Mwanamuke anakuja kwangu amejifunika kitambaa mpaka ku macho, ata bwana yake hajue. Alafu mimi nimutaje mbele ya maaskari?"

"Na Lucie?"

"Naye alikuja. Na Donatille alikuja. Bote batatu. Na bote balikuja bakisha kuchoka, miaka imepita, muganga huyu na muganga yule. Mimi njo nilikuwa wa mwisho. Sasa minauliza, Inspekta: nimewafunga kwanza, alafu nikangojea miaka ndipo banijue?"

"Ungeweza kutuma mtu."

Asumini alimtazama kama mtu anayetazama nyama yenye harufu. "Kama ningekuwa na dawa ya kufunga kizazi, bibi ba askari ba kambi ya Katindo wangejipanga ku mulango yangu kila asubuhi. Kila mumoja iko na batoto kumi. Ningekuwa na gari sasa, si wewe."

"Chupa, mama."

"Haiko yangu. Mimi sitoake dawa inje ya lupango. Mutu anakunywa mbele yangu, anarudisha kikombe. Wanawake banagawanyaka dawa sawa chumvi, ya mutu wa tumbo anapewa mwenye kukohoa. Uliza Majengo muzima."

Kataliko aliuliza Majengo. Alianza na jirani ambaye alikuwa na ugomvi na Asumini juu ya mpaka wa lupango, yaani kiwanja cha nyumba, maana ushahidi wa adui ni mzuri ukisema mema. Jirani alitema mate kwanza. "Ule mama ni muchoyo! Mutoto wangu alikuwa na homa, nikamuomba dawa kidogo mu chupa nipeleke nyumbani. Akakataa. Akasema, lete mutoto hapa anywe nikimuona. Muchoyo wa chupa, ule."

Wengine saba walisema vilevile.

Kataliko hakufurahi. Alikuwa na mashaka na kila kinachokuja kirahisi. Akaipeleka ile chupa kwa daktari Adalbert wa hospitali, mtu mrefu mwenye kusema kidogo. Daktari aliinusa, akaipasha moto, akaitazama na vyombo vyake.

"Majani ya chai," alisema. "Maji. Na mafuta ya taa."

"Mafuta ya taa yanafunga kizazi?"

"Yanafunga hamu ya kunywa."

Basi. Hakuna mpika dawa anayetia mafuta ya taa katika dawa anayotaka mtu ainywe. Chupa ile ilitengenezwa ili ionekane. Katika nyumba ile waliingia watu watatu tu: Donatille, mumewe, na muzee aliyeiokota.

Alianza na mume. Zéphirin alikuja na koti lake la abakosi, suti isiyo na tai, limefungwa mpaka shingoni, akaketi kama mwanafunzi.

"Uko na mtoto Katindo," Kataliko alimwambia, bila salamu. "Na dada ya askari mmoja."

Kijana aliinamisha kichwa. "Iko. Mutoto wa kiume."

"Basi shida haiko kwako, na unajua. Ulitaka njia ya kumfukuza mke wako?"

"Kama ningetaka kumufukuza, Citoyen Inspekta, ningemufukuza. Baba alishanipa ruhusa tangu mwaka wa pili. Familia yote inanishika ku koo: mufukuze, mufukuze. Miye njo nakataa." Alifuta macho na mkono. "Ule mwanamuke ninamupenda. Ni vile tu."

Kataliko hakumfuta katika kichwa chake. Alimsogeza pembeni. Lakini neno moja lilimkaa: muzee alishatoa ruhusa tangu mwaka wa pili. Mtu anayetaka mkwe aondoke haoni taabu ya kutafuta mchawi. Anamrudisha binti kwao, anadai ng'ombe zake, kwisha. Huyu alikuwa anatafuta kitu kingine.

Jumatano aliwaita wale wanawake watatu saa moja, akawaweka kwenye benchi moja ukumbini, akaacha mlango wa biro, ofisi yake, wazi kidogo. Ilikuwa namna yake ya kazi. Watu mbele ya askari husema walichojipangia. Watu wanaongoja pamoja husema ukweli kwa sababu ya kuchoka.

 Alisikia kwanza sauti ya Lucie, mke wa dereva, mwenye mdomo usiopumzika.

"Wewe, sura yako ninaijua."

"Goma ni ndogo," Perpétue alijibu.

"Apana. Haiko sura ya Goma. Wewe haiko ule mutoto alikuwaka anakula udongo nyuma ya depo ya Muzungu?"

Perpétue akamgeukia polepole: "Nani alikuambia?"

"Nani aliniambia? Tulikula wote, sha! Mama yangu alitupiga na kijiti kimoja!"

Wakacheka. Ndipo sauti ya tatu ikaingia, ya Donatille, ambaye tangu aanze kufika pale hakuwahi kusema neno asiloulizwa.

"Muzungu gani?"

"Bwana Kandevu. Muzungu wa kahawa. Kule Kabuhendo, mbele ya Rutshuru."

"Mimi nimezaliwa Kabuhendo," Donatille alisema.

Kataliko aliinuka. Kabla hajafika mlangoni, sauti nyingine ilivuma ukumbini. Muzee Habarurema alikuwa amekuja, kama alivyokuja kila asubuhi, kuuliza kama yule mulozi ameshapelekwa. Aliwakuta wanawake watatu wameinamiana, magoti yamegusana.

"Nani aliwaweka hapa pamoja?" aliuliza. Aligonga sakafu kwa fimbo. "Donatille, simama. Rudi nyumbani."

"Nimeitwa, Papa."

"Nimesema simama! Inspekta, hii ni kazi gani? Unachanganya mkwe wangu na wanawake ba barabara?"

"Barabara gani, muzee?" Lucie alimdaka. "Miye niko na bwana, ata kama gari yake haina breki."

Kataliko alimtazama muzee, si maneno yake, bali uso. Hasira ya kweli hupanda na kushuka. Hii ilipanda ikabaki palepale juu, kama mtu aliyeshika mlango usifunguke. Alimwambia kwa upole arudi Ijumaa. Kisha akamuuliza, kana kwamba ni jambo la kupitisha muda:

"Muzee, ulimujuaje baba ya Donatille?"

"Marehemu? Biashara. Tuliuziana ng'ombe."

"Asante, muzee."

Alipoondoka, Kataliko aliwaingiza wanawake, mmoja mmoja. Maswali yalikuwa yaleyale.

"Uko na dada mukubwa?" alimuuliza Lucie.

"Niko naye. Anazaa sawa sungura. Tumechoka kutafuta majina."

"Yeye alizaliwa wapi?"

"Palepale Kabuhendo. Lakini yeye ni mbele ya uhuru. Miye ni nyuma."

"Na kaka zako?"

"Bana batoto bote. Sasa njo uone, Inspekta, miye peke yangu njo niko mukavu. Bananiita jiwe." Alicheka, lakini cheko lilikatika katikati.

Perpétue alisema karibu vivyo hivyo. Donatille hakuwa na dada, alikuwa na kaka mmoja, naye ni baba wa watoto. Na wote watatu, walipoulizwa kwa aibu, walisema damu yao ya mwezi ilikuwa ya kubahatisha tangu usichana, na sasa imekaribia kukoma, kama ya mabibi.

Kataliko alibaki na chai yake ikipoa. Maji ya kambi waliyanywa wote, wavulana na wasichana. Chakula kilikuwa kimoja. Moshi, udongo, mvua, yote yalikuwa ya wote. Ni kitu gani kinaweza kuingia nyumba moja, kikachagua binti, kikamwacha kaka yake? Na kwa nini kilianza baada ya uhuru?

Mchana uleule alimwita Alimasi, dereva wa Land Rover aliyependa kupiga mluzi, wakashika barabara ya Rutshuru.

Kabuhendo ilikuwa imekwisha. Bwana Kandevu alikwenda kwao wakati mashamba yalipogawiwa raia, na raia aliyepewa shamba alikula kahawa ya mwaka wa kwanza, akawaachia nyani iliyobaki. Nyumba za kambi zilibaki chache. Katika moja alikaa Mama Nyiramahirwe, mama yake Donatille, akichambua maharage juu ya mkeka.

"Karibu, baba. Mutoto wangu amekufa?"

"Hapana, mama. Yuko muzima."

"Basi kaa."

Kataliko alikaa. Alitazama lupango polepole, kama alivyozoea. Jiwe la kusagia. Kuku. Na chini ya paa, nusu ya pipa la chuma, limekatwa kwa upana wake, rangi ya bluu iliyokwisha kuliwa na kutu. Ndani yake mama alikuwa ameloweka majani ya ndama.

"Mama, marehemu bwana yako alikuwa anauza ng'ombe?"

Mama Nyiramahirwe alicheka mpaka akashika kiuno. "Ng'ombe? Ule alikuwa na deni ya mukia ya mbuzi! Alikuwa anakata kahawa ya Muzungu mpaka siku ya kufa. Nani alikudanganya?"

"Kuna mtu. Na hii pipa?"

"Iyo ni ya Donatille." Uso wake ulilainika. "Zawadi yake ya kuzaliwa. Ku kambi ilikuwa desturi. Ukizala mutoto wa kiume, unapewa jembe, juu atalima. Ukizala wa kike, unapewa nusu ya pipa, juu atateka maji na kuosha batoto bake. Zamani ilikuwa ni sufuria. Lakini Muzungu alipoleta dawa ya kuua majani, mapipa yakakuwa mingi, basi kapita, ule musimamizi wa kambi, akaanza kuyapasua na kuyagawanya. Wee, tulifurahi! Mutu wa jembe alikuwa anatulilia wivu."

"Dawa ya kuua majani."

"Ee. Wanaume banabeba pompi ku mugongo, banamwangia chini ya kahawa, majani inakauka. Muzungu hakutaka tena wanawake ba kulima. Ile dawa ilinuka mpaka ndani ya maziwa."

"Na pipa mlilifanyia nini?"

"Si kuoshea mutoto! Asubuhi naweka maji, naweka pipa ku jua, maji inapata moto, namuingiza. Donatille alipenda sana. Anacheza mule, anakunywa, anapiga maji na mikono, mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Siku ya mvua maji inajaa yenyewe, napikia uji yake. Kaka yake hakuruhusiwa, ni mwiko. Chombo ya musichana, kijana hakiingie."

Kataliko alilitazama pipa tena. Chombo ya musichana.

"Hakuna aliyeogopa ile pipa, mama?"

"Tuliogopa wakati ya mbuzi." Aliinua bega. "Mbuzi za kapita zilikunywa maji ya mvua mu pipa mupya, zikafa, zote. Sisi tukakuja na visu, tunajua leo ni nyama! Akatukataza. Akazizika yeye mwenyewe, na jembe yake, akaweka mawe juu. Tuliililia ile nyama, baba! Kisha akasema, osheni mapipa na majivu. Tukaosha."

"Na baada ya hapo, aliacha kugawa?"

"Apana. Aliendelea. Donatille alizaliwa nyuma ya mbuzi."

"Kapita alikuwa nani?"

"Haujue?" Mama alishangaa. "Si muzee Habarurema, baba ya Zéphirin! Alitoka hapa Donatille anatambaa, akaenda ku ng'ombe zake. Lakini hakutusahau. Binti alipokomaa, yeye njo alikuja kumuomba. Alisema anajua mahali ametoka."

Kuku walipita. Kataliko aliinuka.

"Mama, ninaomba hili pipa. Nitalipeleka Goma."

"Utanirudishia?"

"Sitakurudishia."

Mikono yake iliacha kuchambua maharage. Alimtazama Inspekta, akatazama pipa, akamtazama tena. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini watu hawahitaji kuambiwa kila kitu.

"Nilimuosha mule mpaka akajua kutembea," alisema.

Alimasi alilibeba pipa peke yake mpaka garini. Njia yote hakupiga mluzi.

Alhamisi daktari Adalbert aliwapima wanawake wote watatu. Alimaliza jioni ikiwa bado ina mwanga, akamkuta Kataliko uani.

"Mirija yao iko wazi. Hakuna ugonjwa wa zinaa. Shida iko kwenye mayai. Wana miaka ishirini na kitu, lakini mayai yao ni ya mama wa miaka hamsini. Yameisha."

"Dawa ya majani inaweza?"

 "Mwanaume anatengeneza mbegu zake kila siku. Mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote tayari tumboni. Yakiharibika akiwa mchanga, hakuna mengine yatakayokuja. Nimesoma kwamba panya waliopewa baadhi ya dawa hizi wakiwa wadogo walipata shida ya namna hii. Panya, Inspekta. Si watu."

"Utaapa mbele ya Prokirere?"

"Nitaapa kwamba inawezekana. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Na kuna wasichana wa kambi ileile waliozaa vizuri, sivyo?"

"Wako. Perpétue amenitajia wawili."

"Basi mwanasheria yeyote atakuuliza juu ya hao wawili."

Kataliko alijua. "Inawezekana" haifungui mlango wa kasho. Ijumaa saa sita ilikuwa bado inakuja, na watu walikuwa wameshaanza kukusanyika ng'ambo ya barabara kungojea gari la wafungwa. Kilichoweza kumtoa Asumini kilikuwa kimoja: kinywa cha aliyemshtaki.

Ijumaa asubuhi biro ya Prokirere ilikuwa na joto. Prokirere alikaa nyuma ya meza yake kubwa, mtu mnene, anayependa mambo yaishe kabla ya chakula. Muzee Habarurema alipewa kiti cha mbele. Donatille alisimama ukutani. Kwenye kona, chini ya dirisha, palikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa.

"Jua ni kali, muzee," Kataliko alisema. "Kunywa maji kwanza."

Alimimina kutoka kwenye jagi, akampa kikombe kwa mikono miwili. Muzee alikunywa yote, akashukuru.

"Bado tuko na wakati. Ongeza."

Kataliko alichukua jagi lile, akaenda kwenye kona, akaondoa kitambaa, akamwaga maji yote yaliyobaki ndani ya nusu ya pipa. Kisha akainama na kikombe kilekile, akachota, akakileta.

Muzee Habarurema hakunyosha mkono.

"Kunywa, muzee."

"Sina kiu."

"Maji ni yaleyale. Kikombe ni kilekile."

"Nimesema sina kiu!" Alirudisha kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Prokirere aliinua kichwa. "Inspekta, huu ni mchezo gani?"

"Citoyen Prokirere, wewe ungeyakunywa?"

"Pipa lina kutu. Lakini kuogopa, hapana. Kwa nini niogope?"

"Ndiyo swali langu. Wewe sikukuambia neno juu ya pipa hili. Yeye sikumwambia. Donatille sikumwambia kwa nini nimelileta. Tunataka kujua nani alimwambia muzee aliogope."

Nje, umati ulikuwa unaimba wimbo wa kumtaka mulozi.

"Mbuzi walikuwa wangapi, muzee?" Kataliko aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa.

Yule mzee aliachia fimbo ikaanguka. Alipoanza kusema, hakumtazama Inspekta wala Prokirere. Aliangalia pipa.

"Nilipasua hii na mikono yangu."

"Uliendelea kugawa baada ya mbuzi kufa."

"Muzungu alisema majivu inatosha. Mimi ni kapita, nitamubishia? Na wanawake balikuwa banadai. Mwenye kukosa pipa alikuwa analia ku mulango yangu. Batoto hawakukufa. Mbuzi zilikufa, batoto hapana. Nikasema, basi, haina neno."

"Na chupa?"

"Chupa niliweka miye."

Prokirere aliweka kalamu chini.

"Nilisikia ku soko," muzee aliendelea. "Binti wa fulani wa Kabuhendo, hazai. Binti wa fulani wa Kabuhendo, hazai. Na wangu ndani ya nyumba. Nikaanza kukosa usingizi. Kisha nikasikia bote banaenda kwa Asumini. Nikajua siku moja batakutana pale ku lupango yake, bataulizana: wewe ni wa wapi? Nikaona heri iwe yeye."

"Heri iwe yeye," Kataliko alirudia. "Afie gerezani."

"Ni muzee. Hana batoto."

Hapo Donatille alitoka ukutani. Alitembea mpaka mbele ya kiti, akapiga goti kidogo kama anavyomsalimu kila asubuhi, kwa mazoea tu, kisha akajikuta amesimama wima.

"Papa. Siku ulikuja kwetu kunichumbia, ulijua?"

"Nilijua mbuzi tu," Habarurema alisema.

Donatille akamwacha, akarudi ukutani. 

Prokirere alifuta uso na kitambaa. Alisema kwa pipa hana kifungu cha sheria. Muzungu amekwenda, dawa yenyewe iliruhusiwa, na daktari anasema inawezekana tu. Kwa chupa anacho kifungu: kumsingizia mtu mbele ya serikali. Aliamuru muzee aingie kasho na Asumini atoke, na alitaka wapishane bila kelele.

"Swali moja," Kataliko alisema, askari alipokuwa amemshika muzee mkono. "Mapipa yaliyobaki kwenye depo, Muzungu alipokwenda, yalienda wapi?"

"Nilileta Goma na lori ya ng'ombe."

"Goma wapi?"

"Majengo. Watu balitaka ya kukingia mvua. Hapa hakuna kisima, ni mawe tupu. Niliwauzia yote."

Asumini alitolewa kasho akifunika macho na kiganja. Miguu ilikuwa imemvimba. Donatille alikuwa anamngojea kizingitini.

"Bibi, nipe mukono."

"Wewe? Bababwana wako alisema nimekuua tumbo."

"Nipe mukono."

Asumini alimpima kwa macho, kwa muda, kama anayepima kama dawa imeiva. Kisha akaegemea.

Kataliko alisimama kwenye ngazi na askari wawili, mkono kwenye mkanda. Umati ulipowaona wanawake wakitoka pamoja ulivuma. Jiwe moja liliruka, likaanguka mbali. Mwanaume mmoja alipiga kelele: "Donatille, toka kwa ule mulozi! Atakumaliza!"

"Mwenye alinimaliza haiko huyu."

"Ni nani basi?"

Donatille alisimama katikati ya barabara. Hakupandisha sauti. Waliokuwa nyuma walilazimika kunyamaza ili wasikie.

"Nilioshewa mu pipa ya dawa ya Muzungu wa Kabuhendo. Muzee Habarurema njo alinipa, na mengine aliwauzia ninyi. Rudini nyumbani, muangalie chini ya mabati yenu. Pipa ya bluu."

Watu walitazamana. Mtu alicheka, akaona hakuna mwenzake. Kisha mama mmoja kijana, aliyekuwa mstari wa mbele na jiwe mkononi, alipeleka mkono mwingine nyuma, akashika mguu wa mtoto wake mgongoni. Aliliweka jiwe chini, taratibu, kama yai. Aligeuka, akaanza kutembea kuelekea Majengo, halafu akakimbia. Wa pili akamfuata. Wa tatu. Hata wanaume wakaanza kuachana, kila mmoja akitazama upande wa kwake.

Barabara ikabaki wazi, na wanawake wawili wakaipita polepole, kwa sababu miguu ya Asumini ilikuwa inauma.